Kikao cha Ukoo cha Wakwe Zangu, Vik, Norwei

Haya niliyasema kwenye mkutano wa ukoo wetu, Marangu, tarehe 27 Desemba 2025. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliobanwa na kazi Dar na Mwanza wasiweze kupanda. Utani mwingine nimeuacha, ulikuwa wa siku ile.

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, mashangazi, wajomba mliotoka mbali, na ninyi vijana mliojibanza kule karibu na jiko mkidhani siwaoni, nashukuru kwa nafasi hii. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mbege imeshachujwa, kwa hiyo najua dakika hizo zinahesabiwa.

Nimeombwa niwasimulie safari ya Julai. Mkwe wenu mnamjua, kwao ni Minnesota, Marekani. Yupo pale na mashangazi, na nawatahadharisha mapema kwamba Kiswahili anakielewa kuliko anavyoonyesha. Jambo ambalo hata mimi lilinichukua miaka kulielewa ni kwamba wao nao wana kwao. Ukimuuliza mama mkwe wangu kwenu wapi, hasemi Minnesota. Anasema Sogn. Amezaliwa Minnesota, baba yake kazaliwa Minnesota, babu yake kazaliwa Minnesota, lakini kwao ni Sogn, Norwei, na mpaka mwaka huu alikuwa hajakanyaga huko hata siku moja. Wengine huko Marekani wanaona ni mchezo wa wazee. Mimi mtoto wa Marangu, niliyewahi kusimama kwenye basi kutoka Dar mpaka Himo ili tu nisikose Krismasi nyumbani, ningeanzia wapi kumcheka?

Mwaka huu imetimia miaka 200 tangu Wanorwei wa kwanza waondoke kwa pamoja kwenda Amerika. Tarehe 4 Julai 1825 chombo kidogo cha tanga, Restauration, kilitoka bandari ya Stavanger na watu 52. Kilifika New York tarehe 9 Oktoba kikiwa na watu 53, kwa sababu kuna mama alijifungua baharini. Kwa hiyo koo nyingi zilipanga vikao vyao mwaka huu, na wakwe zangu wakasema na sisi twende. Tulikuwa zaidi ya arobaini kutoka Marekani. Mweusi peke yangu, na watoto wetu wawili nusu kwa nusu. Mmoja wa wenyeji aliniuliza kwa adabu sana mimi ni wa tawi gani la ukoo. Nikamwambia ni tawi la kuchomekwa, kama mnavyochomeka miparachichi. Alicheka mpaka akanikumbatia, na nimeambiwa kule watu hawakumbatiani ovyo.

Vik ni kijiji kilicho upande wa kusini wa Sognefjorden. Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima. Huu wa Sogn una urefu wa zaidi ya kilomita 200, na penye kina kirefu unazidi mita 1,300. Ukitoka Bergen unapita Voss, halafu unaanza kupanda mlima wa Vikafjell mpaka karibu mita 1,000, na mwezi wa saba bado theluji imelala kando ya barabara. Theluji yangu mimi ni ile ya Kibo, ya kuitazama kwa mbali na kikombe cha chai mkononi. Hii tulisimamisha gari, nikaishika. Kisha barabara inateremka kwa kujikunjakunja, na mara unaona chini bakuli la kijani, nyumba nyeupe, mabanda mekundu, na mashamba yamepanda miteremko mpaka unajiuliza ng'ombe wanasimamaje pale. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa mlimani kama sisi.

Na shida iliyowatoa ilikuwa ya mlimani pia, nayo ni ardhi. Nchi nzima ile inayolimika ni kama sehemu 3 tu katika 100. Mwaka 1801 walikuwa hawajafika milioni moja. Kufikia 1865 walikuwa milioni 1.7. Wenyewe wanataja mambo matatu yaliyowaongeza: amani, chanjo na viazi. Amani ilikuja baada ya vita vya Napoleon, chanjo ya ndui ikawa lazima tangu 1810, na viazi vikakubali hata kwenye vipande vibaya. Watoto wakaacha kufa. Mlima lakini haukuongezeka hata hatua moja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wanapotofautiana na sisi. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani. Kule ni mzaliwa wa kwanza. Wanaiita haki ya odel, ni ya kale sana, na ina meno: shamba la odel likiuzwa kwa mtu wa nje, ndugu mwenye haki anaweza kulikomboa. Kwa karne nyingi watoto wa kiume walitangulia. Sheria ya 1974 ikasema mzaliwa wa kwanza ni mzaliwa wa kwanza, awe wa kike au wa kiume. (Mashangazi, naona makofi. Nilijua yatatoka upande huo.)

Basi mkubwa akishachukua shamba lote, wadogo wanakwenda wapi? Wengi walikuwa wanaitwa husmann. Unajenga kibanda kwenye ardhi ya mwenye shamba, unalima kijipande, na kodi unailipa kwa siku za kazi, hasa ule wakati ambao hata wewe nyasi zako zinahitaji kukatwa. Katikati ya karne ya 19 wenye kaya wa namna hiyo walikuwa kama 65,000. Babu tunayemzungumzia, yaani babu yake baba yake mama mkwe, alizaliwa 1843, mtoto wa tatu. Alimpenda binti wa husmann. Hebu pigeni hesabu yake wenyewe: shamba hana, mahari ya maana hatapata, na kaka yake yuko pale kila siku akimkumbusha.

Kutoka Vik watu walikuwa wameanza kuondoka tangu 1839, na barua zilikuwa zinarudi. Barua hizo zilisomwa kanisani nje, jikoni, zikapita nyumba kwa nyumba mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Zilisema huku mtu anapata ardhi ambayo ng'ombe wake hawezi kuizunguka kwa siku. Mwaka 1867 babu na mkewe wakapanda meli ya tanga Bergen kwenda Quebec. Mnajua kwa nini Quebec wakati wanakwenda Marekani? Meli zilikuwa zinafuata mbao Kanada za kupeleka Uingereza, na wakati wa kwenda zilikuwa tupu. Abiria walikuwa mzigo wa kujazia. Majuma saba au zaidi baharini, na chakula unabeba chako: mikate mikavu myembamba kama karatasi, nyama ya kukausha, maziwa yaliyogandishwa. Vyote ndani ya sanduku moja la mbao lililochorwa maua, jina na mwaka. Sanduku hilo lipo mpaka leo kwa mama mkwe. Anawekea mapambo ya Krismasi.

Hadi miaka ya 1920 walikuwa wameondoka zaidi ya 800,000. Mwaka mmoja tu, 1882, waliondoka zaidi ya 28,000. Ukiitoa Ireland, hakuna nchi ya Ulaya iliyomwaga watu wake kiasi hicho kwa kulinganisha na wingi wao.

Babu alifikia kwa watu wa kwao, wilaya ya Goodhue, Minnesota, ambako kuna kitongoji wamekiita Sogn, na mji wa jirani unaitwa Kenyon, ambao, msiniulize, hauhusiani na Kenya. Baadaye akasogea magharibi mpaka karibu na Moorhead, akapata ekari zake 160. Ndiko alikokulia mama mkwe.

Na Moorhead yenyewe ni mji wenye wazimu wa kurudi nyumbani. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Robert Asp, kazi yake ilikuwa kuwashauri wanafunzi. Aliingia kwenye ghala la zamani la viazi akaanza kuchonga meli ya Viking, wale mabaharia wa kale wa kule Norwei, merikebu kamili, kilomita nyingi kutoka bahari yoyote. Akaiita Hjemkomst, maana yake kurudi nyumbani. Alifariki 1980 meli ikiwa imeshaingia majini lakini haijavuka bahari. Mwaka 1982 watoto wake na wenzao wakaivusha Atlantiki mpaka Bergen. Sasa meli ile imewekwa Moorhead ndani ya jengo, na jirani yake limejengwa kanisa la mbao, nakala ya kanisa la kale la Hopperstad. Hopperstad ni wapi? Ni Vik. Kwa hiyo mkwe wenu na mama yake walilijua kanisa la kijijini kwao kwa nakala, wakalitembelea na shule na wageni miaka na miaka, kabla hawajaliona lenyewe.

Siku tulipofika Hopperstad niliwaacha watangulie. Kanisa lile lilijengwa yapata 1130, miti mitupu, nguzo za msonobari zimesimama kama msitu, na kwenye paa kuna vichwa vya madude kama nyoka wakubwa, sijui walikuwa wanamfukuza shetani au wanamkaribisha. Babu alibatizwa mle. Miaka kumi baada ya yeye kuondoka kijiji kikawa na kanisa jipya, hili la kale likaachwa, lilikuwa libomolewe kama mbunifu Peter Blix asingeshika kazi ya kulikarabati miaka ya 1880. Mama mkwe akaweka kiganja kwenye nguzo. Nikadhani atalia. Akageuka akasema, "Hili linanuka." Ni kweli. Lami ya msonobari, karne tisa za lami. Nakala ya Moorhead ina kila kipimo, lakini harufu hiyo haina.

Halafu tukaenda makaburini. Hapa naomba tuende taratibu.

Mama mkwe alikuwa amebeba jiwe dogo kutoka shambani Minnesota, amelifunga kwenye leso. Alitaka kuliweka kwenye kaburi la wazazi wa babu, wale waliobaki, walioaga mtoto wakijua hawatamwona tena. Tukazunguka mstari kwa mstari. Majina yapo, maua yapo, nyasi zimekatwa vizuri kuliko uwanja wowote wa mpira ninaoujua. Lakini miaka yote iliyoandikwa ni ya juzi. Hakuna kaburi la 1880. Hakuna la 1890. Mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa ametufuata akatueleza, sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo kwake ni la kawaida. Kule sheria inalinda kaburi kwa miaka isiyopungua 20. Baada ya hapo familia ikitaka libaki inalipia. Isipolipia, jiwe linaondolewa na anazikwa mwingine palepale.

Naam, huo mguno nimeusikia. Na mimi niliguna hivyo hivyo. Sisi tuliozika wazee kihambani, mtu anayetoka mlangoni asubuhi akampita babu yake kabla ya kufika barabarani, tunaona hilo ni kama kuwatupa watu. Nilimtazama mama mkwe ameshika leso yake, na nilikasirika kwa niaba yake. Mtu amesubiri miaka sabini na tano, amevuka bahari, na hakuna hata mahali pa kuweka jiwe.

Jioni tulikuwa kwenye ukumbi wa kijiji, meza ndefu, wenyeji kama sitini, kila mtu kifuani ana utepe wa rangi ya tawi lake. Yule mzee akaja na kitabu kinene. Wanakiita bygdebok, yaani kitabu cha kijiji. Vijiji vingi kule vina chake. Kimeandikwa kwa mashamba: shamba hili, aliyelikalia fulani, mkewe fulani binti wa fulani kutoka shamba fulani, watoto wao mmoja mmoja, aliyekufa mchanga, aliyeolewa ng'ambo ya fiodi, na mtoto aliyefuata aliyepewa jina la yule aliyekufa. Kimetoka wapi? Kwenye madaftari ya makanisa. Kwa miaka mia tatu hivi wachungaji wa kule wameandika ubatizo, ndoa na vifo. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikaongezwa amri nzuri sana: daftari liwe mawili, moja kwa mchungaji na moja kwa karani wa kanisa, na yasilale usiku chini ya paa moja, ili moto ukija usile yote. Waliandika hata nani amechanjwa ndui. Waliandika na nani amehama. Leo madaftari hayo yamewekwa mtandaoni na hifadhi ya taifa, unasoma bure ukiwa umekaa kitandani Marangu.

Ugumu uko kwenye majina. Zamani hawakuwa na jina la ukoo kama tunavyolijua sisi. Ola mtoto wa Lars ni Ola Larsson, na akiishi shamba linaloitwa Haugen, yaani kilimani, ni Ola Larsson Haugen. Akihamia shamba lingine, anaacha jina la kilimani anachukua la kule. Ni sheria ya 1923 iliyowalazimisha kushika jina moja la kudumu. Ndiyo maana mashangazi wa mkwe wenu walihangaika miaka wakitafuta ukoo kwa jina, kumbe jina ni la udongo na aliyekaa juu yake.

Mzee akafungua ukurasa wa shamba. Mtoto wa kwanza, ndiye aliyerithi. Wa pili, binti, aliolewa. Wa tatu: jina la babu, 1843, na mbele yake maneno mawili. Til Amerika. Kwenda Amerika. Basi! Watoto tisa, ekari 160, nzige, theluji ya kufunika mlango, kanisa alilosaidia kujenga, vyote viko nyuma ya maneno mawili.

Mama mkwe akatoa Biblia ya familia, ile iliyokuja ndani ya sanduku. Ukurasa wa mbele umeandikwa kwa mkono: tumeoana, tumesafiri 1867, na watoto kwa kufuatana. Kitabu cha kijiji kinaishia pale Biblia inapoanzia. Wakaviweka bega kwa bega mezani. Yule mzee akaomba penseli, na mbele ya watu wote akaanza kunakili majina ya wale watoto tisa pembeni mwa ukurasa, moja moja, akimuuliza mama mkwe herufi. Ukumbi ulinyamaza. Lile jiwe? Mama mwenye shamba, wa uzao wa yule kaka mkubwa, alilipokea na leso yake, akaliweka dirishani jikoni kwake. Nililiona asubuhi tulipokwenda kunywa kahawa.

Yapo na ya kuchekesha. Wamarekani wetu walifika wakiulizia lutefisk, samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi mpaka anatikisika kama jeli, kwa sababu Minnesota ndicho chakula cha heshima cha Kinorwei. Wenyeji wakashangaa. Lutefisk ni ya karibu na Krismasi, nani anakula Julai? Tulifika siku ya Ijumaa, na Ijumaa familia nyingi kule siku hizi zinakula taco, vile vichapati vya Kimeksiko vya kukunjia nyama, ndivyo tulivyopewa. Kesho yake wakatuhurumia: uji mzito wa malai uliomwagiwa siagi, na jibini la Vik lenyewe, gamalost, la kahawia, ambalo nililionja kwa heshima ya wakwe na sitaongeza neno.

Lakini kabla ya zile taco, mama mkwe aliinamisha kichwa akaomba sala ya mezani ya Kinorwei aliyofundishwa na baba yake, kwa lafudhi ya Sogn ya miaka ya 1860 iliyohifadhiwa shambani Minnesota. Kinorwei kingine hakijui. Vijana wa kule walitazamana. Wazee watatu wanne waliidaka katikati wakaimaliza naye, na mmoja akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akizungumza bibi yake. Nikafikiri: aliyeondoka ndiye aliyegandisha kijiji. Aliyebaki aliendelea na safari. Amepata mafuta ya baharini tangu 1969, gari lake la umeme, watoto wake wanasoma bure chuo kikuu. Wale jamaa maskini waliokuwa wakitumiwa dola ndani ya bahasha ndio sasa waliotulipia ukumbi.

Na kuna swali lililoulizwa na binti yetu mkubwa, miaka kumi na mitatu, siku ya hotuba, baada ya watu kumsifu babu kwa ekari zake. Aliuliza: kabla ya babu, lile shamba lilikuwa la nani? Hakuna aliyekuwa na kitabu cha kumfungulia. Lilikuwa la watu. Sheria ya kugawa ekari 160 ilitoka Mei 1862. Agosti mwaka huohuo Wadakota, wenyeji wa asili wa Minnesota, waliokuwa wamebanwa kwenye ukanda wa mto na kucheleweshewa fedha za mkataba mpaka njaa, wakaingia vitani, na walowezi wengi waliuawa. Tarehe 26 Desemba, jana ilikuwa kumbukumbu yake, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa wakati mmoja mjini Mankato. Mwaka uliofuata wengi wao wakafukuzwa jimboni. Miaka minne baadaye babu anashuka na sanduku lake la maua. Mtu aliyekosa ardhi kwao alipewa ya mwingine. Sikulisema pale, ugeni una adabu zake. Nalisema hapa, kwenye mlima ambao nao ulimegewa walowezi, na mkwe wenu anajua kwamba nitalisema, tulilizungumza kwenye ndege.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namaliza.

Nimekuja na kaunta buku mbili. Moja itakaa kwa mwenyekiti, nyingine kwa shangazi wa Himo, zisilale chini ya paa moja. Sisi makaburi tunayo, lakini mwaka jana tulipokuwa tunajengea yale ya chini ya migomba, mawili hakuna aliyeweza kuyataja majina. Usharika una daftari la ubatizo, Mchungaji ameahidi kutufungulia. Lakini kabla ya daftari kuna bibi, na bibi yupo hapa, na baada ya chakula hawa vijana watatawanyika.

Bibi, naomba nisogee. Kalamu ninayo. Mama yako aliitwa nani, na alitoka kwa nani?